Simba wa Tabora na Kalamu ya Mgeni: Ujana wa Roald Dahl katika Tanganyika

Mwandishi wa watoto hazaliwi siku anapochapisha kitabu chake cha kwanza. Huzaliwa mapema zaidi, na huzaliwa kwa njia ya masikio, pale anapoketi karibu na mama au bibi akasikiliza jambo ambalo hakulielewa lote, lakini hakulisahau tena. Kwa hiyo mhakiki anayetaka kuipima kazi ya mwandishi wa namna hii hana budi kuuliza kwanza: alisikia nini, alisikia kwa nani, na mali aliyokuja kuifanyia biashara ukubwani aliichuma wapi? Katika insha hii tunauliza maswali hayo juu ya Roald Dahl, mmoja wa waandishi wa watoto waliosomwa sana duniani katika karne ya 20. Tunafanya hivyo kwa kuwa sehemu moja ya jibu iko hapa kwetu, upande wa Tabora, jirani kabisa na Mpanda. Na sehemu hiyo haifai kuachiwa wageni peke yao waieleze.

Dahl alizaliwa tarehe 13 Septemba 1916 huko Llandaff, karibu na mji wa Cardiff katika Wales. Wazazi wake wote wawili walikuwa watu wa Norwei. Baba yake, Harald, alikuwa mfanyabiashara aliyehudumia meli bandarini Cardiff. Mwaka 1920 msiba uliingia nyumbani mara mbili: dada yake Astri alifariki akiwa na umri wa miaka 7 kwa ugonjwa wa kidole tumbo, na wiki chache baadaye baba naye akafariki kwa kichomi. Roald alikuwa na umri wa miaka mitatu. Mama, Sofie Magdalene, angeweza kurudi kwao. Lakini alibaki kwa sababu marehemu mumewe alitaka watoto wasome katika shule za Uingereza. Mtoto akapelekwa bweni, kwanza Weston-super-Mare na kisha Repton, ambako fimbo ilikuwa sehemu ya mafundisho. Kumbukumbu za fimbo hizo amezieleza katika kitabu chake *Boy* cha mwaka 1984, na si vigumu kuona jinsi zilivyozaa wale watu wazima wakatili wanaojaa katika vitabu vyake, ambao mwishowe hushindwa na mtoto mdogo mwenye akili.

Lakini fimbo peke yake haimfanyi mtu kuwa msimulizi. Kilichomfanya Dahl kuwa msimulizi ni mama. Mama huyu aliwasimulia watoto wake ngano za Norwei, zenye mazimwi ya milimani na viumbe vya msituni. Hapa yafaa tusimame kidogo. Ngano hizo hazikuwa zimebaki midomoni tu. Tangu miaka ya 1840 Wanorwei wawili, Asbjørnsen na Moe, walizunguka vijijini wakazikusanya na kuzichapisha, wakati taifa lao lilipokuwa likijitafutia lugha na sura yake baada ya kutawaliwa na Denmark kwa karne nyingi. Kwa hiyo mama wa Dahl alipofungua kinywa chake ugenini, nyuma yake palisimama kabati la vitabu. Jambo hili tutalirudia, maana ndilo linalotuhusu zaidi.

Alipomaliza shule mwaka 1934, Dahl hakwenda chuo kikuu. Aliingia kazini katika kampuni ya mafuta ya Shell, na mwaka 1938 akapewa alichokuwa akikitamani: safari ya Afrika ya Mashariki. Alifika Dar es Salaam akiwa kijana wa miaka 22. Kazi yake ilikuwa kuwauzia mafuta wenye mashamba ya mkonge, wenye machimbo na wengineo, na ilimlazimu kusafiri bara kwa gari. Alijifunza Kiswahili. Mwaka mmoja hivi baadaye Vita Kuu ya Pili ilipoanza, alipewa askari wa King's African Rifles awaongoze katika kuwakamata Wajerumani waliokuwa wakiishi nchini. Na mwezi Novemba 1939 alikwenda Nairobi kujiunga na jeshi la anga. Hakukaa kwetu hata miaka miwili. Hata hivyo, alipokuja kuandika *Going Solo* mwaka 1986, miezi hiyo michache ilichukua sehemu nzima ya mwanzo wa kitabu.

Katika sehemu hiyo mna sura iitwayo "Simba". Dahl anasimulia kwamba siku moja katika safari zake alikuwa mgeni wa bwana shauri mmoja Mwingereza karibu na Tabora. Jioni, kelele zikazuka: simba amemchukua mke wa mpishi, amembeba kinywani, na mpishi anamkimbilia nyuma. Bwana shauri akatwaa bunduki akapiga risasi. Simba akamtua yule mama, akaingia porini. Mama akaonekana hana hata jeraha. Dahl anaeleza kwamba habari hiyo ilienea, hata gazeti la *East African Standard* la Nairobi likamwomba aiandike kama shahidi aliyeona kwa macho yake, likamlipa paundi 5, ambazo ni sawa na shilingi 100 za wakati ule. Kwa maelezo yake mwenyewe, hiyo ndiyo kazi yake ya kwanza kupata kuchapishwa na kulipwa.

Basi na tulitazame jambo hili vizuri. Mwandishi ambaye vitabu vyake vinasomwa leo na watoto wa mataifa mengi alipata ujira wake wa kwanza wa kalamu kwa kisa kilichotokea katika nchi ya Wanyamwezi. Kisa ni cha mpishi na mkewe. Hofu ilikuwa ya mpishi na mkewe. Meno ya simba yalimshika yule mama, si mgeni aliyekuwa barazani. Lakini paundi 5 zilikwenda kwa mwenye kalamu, na katika kisa chenyewe tunamjua mama huyo kama mke wa mpishi tu. Maneno yake ni machache, na hakuna anayemwuliza usiku ule aliulalaje. Hatusemi kwamba Dahl aliiba. Mtu aliyeona jambo ana haki ya kulisimulia. Tunasema tu kwamba katika utawala wa kikoloni hata kusimulia kulikuwa na ngazi zake: mmoja aliliwa na simba kidogo, mwingine akalipwa kwa kulisema.

Walimu na wanafunzi wa Mpanda wataielewa hoja hii upesi kuliko watu wengine, kwa kuwa wao wana desturi inayotoa hukumu tofauti. Katika nchi za Usukuma, na vilevile Mpimbwe, mtu aliyemwua simba hakuwa akikaa kimya. Alitiwa dawa kwanza, maana iliaminika kwamba damu ya simba yaweza kumtia mtu wazimu. Kisha akavaa mavazi ya simba, akazunguka kwa jamaa na majirani akicheza, nao wakamtunza kwa fedha, nafaka au mifugo. Desturi hiyo siku hizi wahifadhi wanaipiga vita, na wana sababu, kwa kuwa simba wamepungua na wengine wameuawa kwa ajili ya zawadi tu. Lakini ndani yake mlikuwa na sheria moja ya sanaa: kisa cha simba ni cha yule aliyekabiliana na simba, na jamii iliyookolewa ndiyo inayomlipa. Wazee walisema, mcheza kwao hutunzwa. Yule mama wa Tabora hakucheza, wala hakutunzwa.

Sura nyingine ya *Going Solo* inamhusu Mdisho, kijana aliyekuwa mtumishi wa Dahl nyumbani Dar es Salaam. Sura hiyo inamwita mtu wa kabila la "Mwanumwezi". Msomaji wa Kiswahili huona kosa hapo hapo: mtu ni Mnyamwezi, watu ni Wanyamwezi, nchi ni Unyamwezi. Kosa la herufi mbili tatu ni dogo, na masikio ya mgeni yanaweza kukosea. Lakini kitabu kilitoka mwaka 1986, miaka 25 baada ya Uhuru, na kwa hakika palikuwa na watu wengi wa kuulizwa. Mtu humwandika kwa uangalifu yule anayedhani atamsoma. Inaelekea haikufikiriwa kwamba Mnyamwezi angekuja kukisoma kitabu hicho.

Kosa kubwa zaidi limo katika sura ya mtu mwenyewe. Mdisho anaelezwa kama shujaa kutoka kabila la mashujaa. Vita vinapotangazwa, anatwaa upanga wa Kiarabu uliokuwa umetundikwa ukutani, anakimbia usiku hadi kwa mwenye shamba la mkonge Mjerumani, anamwua, kisha anarudi na furaha kumweleza bwana wake. Bwana anamtaka anyamaze, tena anampa upanga ule uwe wake. Kisa kinasisimua, na mwanafunzi akikisoma hataweka kitabu chini. Hata hivyo, tuulize: Mnyamwezi huyu ametoka wapi? Wanyamwezi walipata kuwa na wapiganaji wakubwa, na jina la Mirambo halihitaji kuelezwa. Lakini historia inawajua zaidi kama wasafiri na wafanyabiashara, watu walioiunganisha Tabora na Bagamoyo kwa miguu yao, waliojua bei ya shaba, chumvi na pembe, na waliojua lugha za watu. Katika kitabu hayo yote yametoweka, umebaki upanga. Hilo ndilo tatizo la mgeni anayependa: humpenda mwenyeji kwa jambo moja, naye hulikuza jambo hilo mpaka likamfunika mtu mzima.

Tena, je, kisa hicho ni cha kweli? Dahl mwenyewe alitangulia kutuonya katika *Boy* kwamba haandiki tawasifu ya kawaida. Na tunao mfano mwingine ulio wazi. Mwezi Septemba 1940, akiwa rubani, ndege yake ilianguka katika jangwa la magharibi mwa Misri, naye akaumia vibaya sana kichwani. Miaka miwili baadaye, mwezi Agosti 1942, gazeti la Marekani *Saturday Evening Post* lilichapisha makala yake ya kwanza kuchapishwa Marekani, na kichwa cha habari kikasema kwamba alitunguliwa. Ukweli ni kwamba hakutunguliwa na mtu. Alikuwa ameelekezwa mahali pasipo sahihi, giza likakaribia, mafuta yakawa yanamwishia, akajaribu kutua jangwani. Hivyo tangu mwanzo wa maisha yake ya kalamu palikuwa na mpaka mwembamba kati ya jambo lilivyokuwa na jambo linavyopendeza kusimuliwa. Kwa mtunzi wa ngano hilo si dhambi; sungura wetu naye hakupata kusema na fisi. Lakini ngano huanza kwa "hapo kale", na msikilizaji huitikia akijua anakwenda wapi. Kumbukumbu zenye majina ya miji yetu na makabila yetu hazina "hapo kale", na msomaji wa mbali huzichukua kama habari za kweli juu yetu. Hapo mwalimu hana budi kumfundisha mwanafunzi tofauti hiyo.

Hatutaki kumwonea mwandishi huyu. Katika safari ya meli iliyomleta, Waingereza wa makoloni ndio anaowacheka kuliko wote. Anawaonyesha kama watu waliokaa juani mpaka akili ikalegea. Hawaonyeshi watumishi wa nyumbani kama wajinga. Yuko pia mtunza bustani ambaye Dahl alimwona dirishani akikaribiwa na nyoka mkali, akampigia kelele kumwonya, na mtu yule akamwua nyoka kwa utulivu na ustadi ambao mwandishi anausifu. Mapenzi yapo. Linalokosekana ni usawa, na mapenzi bila usawa huishia kwenye hisani.

Upungufu huo ulionekana wazi mwaka 1964, kilipotoka kitabu chake mashuhuri *Charlie and the Chocolate Factory*. Katika chapa hiyo ya kwanza, wafanyakazi wa kiwanda cha chokoleti, Oompa-Loompa, walikuwa mbilikimo weusi waliotolewa katika msitu wa Afrika. Tajiri mwenye kiwanda aliwasafirisha ndani ya makasha, nao wakawa wakifanya kazi na kuimba kwa furaha, ujira wao ukiwa mbegu za kakao. Watu wengi Marekani walilalamika, hasa filamu ya kitabu hicho ilipokuwa ikitengenezwa, na katika chapa ya mwaka 1973 Dahl aliwabadilisha: wakawa na ngozi nyeupe yenye wekundu, nywele za rangi ya dhahabu, na nchi ya kubuni. Kwa haki yake tuongeze kwamba mjane wake alieleza mwaka 2017 kuwa katika mawazo ya awali Charlie mwenyewe alikuwa mtoto mweusi, na inaelezwa kwamba wakala wa mwandishi ndiye aliyelipinga wazo hilo.

Sisi tunaona kwamba mabadiliko ya 1973 yaliigusa rangi, lakini hayakuugusa mzizi. Makasha yalibaki. Ujira wa kakao ulibaki. Wafanyakazi wale waliendelea kufungiwa kiwandani na kujaribiwa peremende zisizojulikana madhara yake. Mwandishi alidhani kosa lake lilikuwa katika ngozi, kumbe lilikuwa katika kazi. Na msomaji wa nchi hii, ambako njia za misafara ya watumwa zilitoka Ziwa Tanganyika zikapita Tabora hadi pwani, hawezi kusoma habari za watu waliotiwa makashani wakiimba bila kuuliza: nani aliwasikia wakiimba?

Sasa tugeuke tumtazame mtoto wa Mpanda. Mpanda ilikuwa sehemu ya Mkoa wa Tabora hadi mwaka 1974, ulipoundwa Mkoa wa Rukwa. Na mwaka 2012 ukazaliwa Mkoa wa Katavi. Reli iliyojengwa kutoka Kaliua kwa ajili ya machimbo ya risasi, na kufika Mpanda mwaka 1950, bado inaiunganisha nchi hii na Tabora. Mtoto wa hapa, awe Mpimbwe, Mkonongo, Mbende au Mfipa, hana uhaba wa hadithi. Jina la mkoa wake lenyewe ni hadithi: Katabi, mwindaji wa kale, ambaye roho yake husemwa kuwa inakaa katika mkwaju kando ya Ziwa Katavi, na watu hupeleka sadaka pale kuomba baraka. Simba kwake si mnyama wa kitabuni, kwa kuwa Hifadhi ya Taifa ya Katavi iko mlangoni pake. Anao pia akina mama na mabibi wanaosimulia kama Sofie Magdalene alivyosimulia. Kinachomtofautisha na mtoto yule wa Llandaff ni lile kabati la vitabu tulilolitaja. Bibi wa Mpimbwe akifariki, huondoka na maktaba yake.

Mwalimu Nyerere alipoiunda Wizara ya Utamaduni wa Taifa na Vijana mwaka 1962, alitaka jambo hili hili lifanyike: tujitafutie yaliyo yetu na kuyafanya kuwa fahari yetu. Kazi imeanza. Shaaban Robert alituonyesha kwa *Adili na Nduguze* kwamba Kiswahili kinaweza kubeba ngano na mafunzo kwa pamoja, na Mradi wa Vitabu vya Watoto ulioanzishwa mwaka 1991 umewasaidia watunzi na shule. Lakini kuna visa ambavyo bado vinangoja mtunzi wake, na kimoja kiko Karema, kando ya Ziwa Tanganyika, katika mkoa huu huu.

Huko aliishi Adrien Atiman. Alizaliwa karibu na Timbuktu miaka ya 1860, akatekwa akiwa mtoto, akavushwa jangwa la Sahara na kuuzwa. Wamisionari walimnunua huko Algeria wakamkomboa, wakampeleka Malta kusomea utabibu, na mwishoni mwa miaka ya 1880 akafika Karema. Hapo akawatibu watu kwa zaidi ya miaka 60, hadi alipofariki mwaka 1956. Huyu alikuwa mtoto aliyesafirishwa kama bidhaa kwelikweli. Naye hakungoja mtu mwingine amsimulie: aliandika maisha yake mwenyewe, na jarida la *Tanganyika Notes and Records* likayachapisha mwaka 1946. Mwanafunzi akiyaweka maisha haya kando ya Oompa-Loompa wa mwaka 1964, hatahitaji mhadhara mrefu juu ya tofauti kati ya kuandikwa na kuandika.

Kwa hiyo hatupendekezi vitabu vya Dahl vifungiwe. Mtoto anayejua Kiingereza na avisome, ajifunze jinsi sentensi fupi inavyomvuta msomaji, na jinsi mnyonge anavyoweza kupewa ushindi bila kuhubiriwa. Tunapendekeza kwamba visomwe kwa kuhojiwa. Mwalimu wa Mpanda anaweza kuwapa wanafunzi wake kazi tatu. Kwanza, waandike upya kisa cha simba wa Tabora, lakini asimulie yule mama, na wampe jina. Pili, waende kwa mzee mmoja kijijini, waandike ngano moja kama alivyoisema, katika lugha aliyoitumia, kisha waitie katika Kiswahili, na jina la mzee liandikwe juu. Tatu, wayaandike maisha ya Atiman kwa ajili ya wadogo zao wa darasa la nne.

Madaftari hayo yasichomwe mwisho wa mwaka. Yahifadhiwe shuleni, yasomwe na wanaofuata, na yaliyo bora yapelekwe kwa wachapishaji. Kabati la vitabu la Norwei lilianza na watu wawili waliokwenda vijijini na karatasi mkononi. La Katavi linaweza kuanza na darasa moja.